Baada ya Bomu: Nani Anabaki na Manusura?

Kila ifikapo Agosti 7, ubishi uleule hurudi redioni na mitaani Nairobi. Mmoja anasema manusura wa bomu la ubalozi wa Marekani walishalipwa mamilioni na Sudan. Mwingine anaapa kwamba hawajaona hata senti. Wa tatu anauliza watu wanalalamikia nini ilhali zaidi ya robo karne imepita. Wa kwanza na wa pili wote wana sehemu ya ukweli, na huyo wa tatu anastahili jibu la kina kuliko lile la hasira analopewa kwa kawaida.

Mkanganyiko huu umetokana na jinsi msaada ulivyotolewa. Ulikuja kwa mafungu, kila fungu na mfadhili wake, masharti yake na tarehe yake ya kufungwa, na hakuna ofisi moja ya umma inayoweza kufungua daftari na kusema nani alipata nini na nani alirukwa. Matokeo yake, swali la jinsi mtu na jamii wanavyoinuka baada ya shambulizi la kigaidi limegeuzwa kuwa swali la pesa pekee. Pesa ni sehemu yake kubwa, ila haliishii hapo. Lina upande wa nafsi, upande wa kumbukumbu na upande wa ujirani, na kila upande una wanaovutana.

Mashambulizi ya Nairobi na Dar es Salaam ya mwaka 1998 ndiyo yatakayobeba uzito wa uchambuzi huu, kwa kuwa umri wake unatosha kutuonyesha hali ya manusura wanahabari wakishaondoka na vituo vya msaada vikishafungwa. Mashambulizi ya duka la Westgate na ya Chuo Kikuu cha Garissa yataingia pale yanapoongeza jambo.

Asubuhi ile na majeraha yake

Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu ikiwa imepita. Lori lililojaa vilipuzi lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, Nairobi. Dakika chache kuachana nalo, lingine lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Majeruhi walihesabiwa kwa maelfu, wengi mno wakiwa Nairobi, ambako jengo la Ufundi House liliporomoka na lile la Benki ya Ushirika likapasuliwa vioo kutoka chini hadi juu. Kati ya waliokufa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Wengine karibu wote walikuwa Wakenya: makarani, wanafunzi wa uhazili, abiria waliokuwa kwenye mabasi, wapita njia.

Aina ya majeraha inaeleza mengi kuhusu yaliyofuata. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika kishindo kidogo, na watu wa maofisi ya jirani wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Walikuwa wamesimama mbele ya vioo bomu lilipolipuka. Ndiyo maana shambulizi la Nairobi liliacha idadi kubwa sana ya waliopoteza macho, jicho moja au yote mawili, pamoja na waliochanika nyuso na kupasuka ngoma za masikio. Majeraha ya namna hii hayaui, lakini yanamtoa mtu kazini. Karani asiyeona, dereva asiyesikia honi na fundi cherehani aliyekatika mishipa ya mkono wanaanza maisha mengine siku ileile wanayoruhusiwa kutoka hospitali.

Marekani ilitoa takriban dola milioni 50 kwa nchi zote mbili. Fedha hizo zilitibu majeruhi, zililipa karo za watoto wa marehemu, zilikarabati majengo, zilisaidia biashara zilizoharibika na kugharimia ushauri nasaha. Si haki kusema hazikufanya kitu. Lakini mpango ule ulikuwa wa dharura, na baada ya miaka michache ulifungwa. Kijana aliyepoteza macho akiwa na miaka 25 alikuwa na miaka 40 mingine ya kuishi bila kuona, na hakuna aliyeiandikia bajeti miaka hiyo.

Kiwewe: wataalamu, maombi na kujikaza

Mwaka 1998 Kenya ilikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili wachache mno. Chama cha Madaktari Kenya kilianzisha mpango wa kuwahudumia walioathirika kisaikolojia, na daktari Frank Njenga akawa miongoni mwa walioubeba. Yeye na wenzake walikusanya pia taarifa ambazo hadi leo ni hazina. Watu 2,883 walijaza dodoso kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mlipuko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004 katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe: jinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa mahali na sauti zinazokumbusha tukio, na tukio lenyewe kujirudia akilini bila kuitwa.

Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu. Dodoso analojaza mtu mwenyewe si sawa na kupimwa na daktari, na miezi mitatu ya kwanza ni mapema. Wengi hupata nafuu baadaye. Kilicho kizito zaidi ni orodha ya mambo yaliyoandamana na dalili hizo. Baadhi hayawezi kubadilishwa: kuushuhudia mlipuko, kujeruhiwa, kufiwa. Lakini mengine yanabadilika. Watafiti walitaja kutopona jeraha, kukosa rafiki wa kumweleza yaliyo moyoni, na shida za kifedha zilizozuka baada ya bomu. Kwa hiyo ukata na upweke vimo ndani ya ugonjwa wenyewe, na anayedhani fidia na tiba ya akili ni mafaili mawili tofauti hajausoma utafiti huu vizuri.

Hapo ndipo pande zinapoanza kuvutana. Upande wa kwanza unasema kila aliyekuwa karibu na shambulizi apelekwe kwa mshauri haraka, aeleze yote yaliyompata. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unakubali kuwa jeraha la nafsi ni jeraha kweli. Udhaifu wake umeonekana katika utafiti wa nchi mbalimbali: kikao kimoja cha kumlazimisha mtu kusimulia tukio siku chache baada ya kunusurika hakizuii ugonjwa kutokea, na kwa baadhi ya watu huweza kuuzidisha. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, linapendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mpe mtu usalama, maji na blanketi, msaidie kupata habari za ndugu zake, msikilize akitaka kusema, muunganishe na msaada, na usimchimbe. Kutibu kwa kina kunakuja baadaye, kwa wale ambao dalili zao zimegoma kuondoka.

Upande wa pili unaegemea dini na ukoo. Watafiti waliolinganisha manusura wa Nairobi na wale wa Oklahoma City, ambako bomu la Aprili 1995 liliua watu 168, walikuta viwango vya ugonjwa vinakaribiana. Kilichotofautiana ni njia za kukabiliana nao. Wa Oklahoma walitegemea zaidi matibabu. Wa Nairobi walitegemea zaidi imani. Wapo wanaolitumia tokeo hilo kudai kwamba Mwafrika hahitaji mtaalamu, kanisa na msikiti vinatosha. Hoja hiyo inachukua nusu ya ushahidi na kuiacha nusu nyingine, kwani viwango kukaribiana maana yake ni kwamba imani haikuwakinga watu wa Nairobi wasiugue. Iliwasaidia kustahimili. Hilo si jambo dogo, hasa kwa kuwa jamaa na waumini wenzako wapo hata wiki ambayo kliniki imefungwa, na hawadai ada. Lakini shehe, padri au mchungaji anayemwambia mgonjwa wa jinamizi kwamba imani yake ni haba anamfungia mlango wa tiba.

Upande wa tatu haujiiti upande, nao ndio wenye wafuasi wengi: kujikaza. Mwanamume halii, yaliyopita si ndwele, mshukuru Mungu kwamba umepona. Na wengi kweli huinuka bila tiba rasmi, jambo ambalo utafiti wa mikasa duniani umelithibitisha mara nyingi. Tatizo la kujikaza linapofanywa sera ya taifa ni kwamba hakuna anayeuliza walioshindwa wako wapi. Kwa yule aliyeacha kazi kwa sababu hawezi kupanda lifti, au aliyeingia kwenye pombe ili apate usingizi, watu huona uvivu na ulevi. Jeraha halionekani.

Fidia: njia tatu na mapengo yake

Njia ya kwanza ni mahakama. Chini ya sheria za Marekani, nchi iliyoorodheshwa kuwa mfadhili wa ugaidi inaweza kushtakiwa katika mahakama za huko. Sudan, iliyompa Osama bin Laden, kinara wa waliofanya mashambulizi hayo, hifadhi katika miaka ya 1990, ilishtakiwa kwa mashambulizi ya balozi zote mbili. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba waathiriwa wanaweza kudai hata fidia ya adhabu. Mwaka huohuo serikali ya mpito ya Sudan, iliyotaka kwa kila hali jina lake liondolewe kwenye orodha hiyo, ilikubali kutoa dola milioni 335. Desemba ikaondolewa.

Hizo ndizo fedha zinazozungumzwa redioni, na ndizo zilizozaa mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Sheria inayoruhusu kesi hizo inawatambua raia wa Marekani, wanajeshi wake, wafanyakazi na makandarasi wa serikali yake, na familia zao. Mkenya aliyekuwa karani wa ubalozi alikuwa na njia ya kuingia. Mkenya aliyekuwa ndani ya basi barabarani hakuwa nayo, hata kama bomu lilikuwa lilelile na hospitali ileile. Na hata kati ya walioingia, waliokuwa raia wa Marekani siku ya tukio walipangiwa malipo makubwa mara nyingi kuliko wenzao Wakenya na Watanzania wa ofisi moja. Kwa hiyo anayesema walilipwa na anayesema hawakulipwa wanazungumzia watu tofauti.

Nguvu ya mahakama ni kwamba inamtaja mkosaji na kumwajibisha. Wapo manusura ambao hukumu ina thamani kwao kuliko hundi. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 20, ilitegemea siasa za nje za dola kubwa, na ilichora mpaka kati ya majeruhi na majeruhi kwa kutumia pasipoti na barua ya ajira. Kuna jambo jingine lisilosemwa sana: fedha zile zilitoka kwa raia maskini wa Sudan, ambao wenyewe walikuwa wametoka tu kumwangusha Omar al-Bashir.

Njia ya pili ni mfuko wa serikali. Ufaransa ilianzisha wa kwake mwaka 1986, ukiendeshwa kwa tozo ndogo inayokatwa kwenye kila mkataba wa bima ya mali. Anayeshambuliwa katika ardhi ya Ufaransa hulipwa, awe Mfaransa au mgeni, bila kungoja mshtakiwa akamatwe. Uzuri wake ni kwamba pesa zipo kabla ya shambulizi na mzigo unagawanywa kwa mamilioni ya watu. Marekani ilifanya vingine baada ya Septemba 11, 2001: iliunda mfuko maalumu kwa tukio moja, chini ya Kenneth Feinberg, uliolipa zaidi ya dola bilioni saba. Malipo yalikokotolewa kwa kutazama pia kipato cha marehemu, hivyo familia ya mfanyabiashara wa hisa ikapata kuliko familia ya mwosha vyombo. Feinberg mwenyewe alifikia kusema baadaye kwamba ingekuwa bora kila uhai ulipwe sawa.

Kenya nayo ina mfuko, kwenye karatasi. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 iliutaja Mfuko wa Fidia kwa Waathiriwa wa Ugaidi, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 ikaongeza mwingine kwa waathiriwa wa uhalifu kwa jumla. Westgate ilishambuliwa Septemba 2013 na watu 67 wakauawa. Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa Aprili 2, 2015, wakauawa 148, wengi wao wanafunzi. Hoteli ya DusitD2 ikafuata Januari 2019, wakauawa 21. Mara zote familia zilibaki kutegemea michango, mwajiri mwenye huruma, au subira. Mwaka 2024 Bunge la Seneti liliunda kamati maalumu kushughulikia fidia ya waathiriwa wa 1998, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi kwamba sheria iliyopo haikuwafikia.

Wapinzani wa mfuko wana hoja za kweli. Bajeti ni finyu. Mkulima aliyesombwa na mafuriko naye atauliza kwa nini aliyelipuliwa na bomu atangulie. Na mifuko ya umma huvutia wezi. Hoja ya mafuriko ndiyo nzito zaidi, na jibu lake liko katika asili ya ugaidi. Gaidi humpiga mpita njia akikusudia serikali au taifa zima. Aliyeumia ameumia kwa niaba ya wengine, na deni hilo ni la wote. Hoja ya wizi ni sababu ya kuweka ukaguzi mkali, maana mifuko mingine ya umma imewahi kuibiwa na bado haikufutwa.

Njia ya tatu ni harambee. Kwa haraka hakuna inayoishinda: baada ya Westgate watu walipanga foleni kutoa damu siku ileile, na ukumbi wa Oshwal uliokuwa jirani ukageuka kituo cha huduma, chakula na taarifa. Lakini michango hufuata picha za televisheni na hupoa zinapoisha. Pia hufuata umaarufu wa mahali. Duka la kifahari kama Westgate linavuta macho kuliko basi la abiria lililoshambuliwa Mandera.

Kumbukumbu

Palipokuwa na ubalozi Nairobi pamekuwa bustani ya ukumbusho tangu 2001, yenye ukuta wa majina. Westgate ilifunguliwa tena Julai 2015 na watu wananunua mboga. Garissa ilifunguliwa Januari 2016, baada ya wanafunzi walionusurika kuhamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Wapo wanaoona kufungua upya haraka ni kuwakanyaga wafu, na wapo wanaoona kuacha gofu ni kumpa gaidi ushindi. Nadhani kosa haliko upande wowote kati ya hizo mbili. Liko pale uamuzi unapofanywa bila kuwauliza wafiwa na manusura, wakaitwa tu siku ya shada la maua.

Jirani anapogeuka mshukiwa

Shambulizi la kigaidi hutaka kufanya kazi mara mbili: kuua watu, kisha kuwafanya waliobaki waogopane. Kazi ya pili huhitaji msaada wetu. Aprili 2014, baada ya mfululizo wa mashambulizi, polisi walifanya msako wa Usalama Watch mtaani Eastleigh. Maelfu ya watu, wengi Wasomali, walikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Waliouunga mkono walisema serikali haina anasa ya kusubiri raia wakizikwa. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini mwaka uliofuata Garissa ilishambuliwa vibaya kuliko yote yaliyotangulia tangu 1998, na mtu aliyelala uwanjani bila kosa hana haraka ya kupeleka habari polisi.

Desemba 2015 ilionyesha njia nyingine. Wapiganaji walisimamisha basi karibu na El Wak, Mandera, wakitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka uliotangulia mbinu hiyo ilikuwa imeua watu 28 kwenye basi la Mandera. Safari hii Waislamu walikataa, na baadhi ya wanawake wakawapa Wakristo hijabu za kujisitiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akikataa, akafa hospitalini Nairobi Januari 2016. Hakuna kikosi kilichowafundisha abiria wale. Walikuwa na ujirani ambao haukuwa umevunjika bado, na msako wa jumla ndio unaouvunja.

Kipi kitangulie

Nikiyapima yote haya, naona mvutano kati ya wataalamu na viongozi wa dini una suluhu rahisi kuliko unavyoonekana, kwa kuwa kazi zao hazifanani. Jamaa na waumini wabebe siku za kwanza na upweke wa kila siku. Kliniki ichukue wale ambao baada ya miezi kadhaa bado hawalali. Kinachokosekana katikati ni mtu wa kuwatambua hao. Nchi yenye madaktari bingwa wachache haiwezi kumpeleka kila mtu kwa bingwa, ila inaweza kumfundisha muuguzi wa zahanati maswali machache ya kuuliza, na kumpa ruhusa ya kuwatafuta watu badala ya kuwangoja.

Kuhusu fidia, mahakama za ng'ambo ziachwe wazi kwa wanaoziweza, lakini zisiwe tegemeo. Harambee ibaki mkono wa kwanza. Uti wa mgongo uwe mfuko wenye chanzo cha fedha kisichongoja shambulizi, unaolipa uhai kwa uhai bila kutazama mshahara, na unaolipa matibabu kwa muda wote ambao jeraha lipo. Tozo ya bima kama ya Ufaransa itakusanya kidogo Kenya, ambako walio na bima ni wachache. Hata hivyo kidogo kinachokuja kila mwaka kinamfaa anayehitaji matone ya macho kila mwezi kuliko ahadi kubwa ya kila mwaka wa uchaguzi.

Na kabla ya mfuko kunatakiwa daftari. Majina ya waliokufa mwaka 1998 yamechongwa ukutani, lakini hakuna orodha ya umma, iliyohakikiwa, ya waliojeruhiwa na hali zao za sasa. Miaka inavyokwenda, hati za hospitali zinapotea, mashahidi wanafariki, na anayedai anaonekana tapeli kwa kukosa karatasi ambayo hakuna aliyemwambia aitunze. Kazi ya kuandikisha haihitaji mabilioni. Wizara ya Afya, hospitali zilizopokea majeruhi na vyama vya manusura vyenyewe vinaweza kuianza sasa, kuanzia Nairobi hadi Garissa na Mandera, huku waliokuwa vijana asubuhi ile ya 1998 wakiwa bado hai kuja kusema walikuwa wapi.